Njia ya Maji ya Lamu na Walinzi Wake

Mtu akitajiwa neno njia, mara huona moyoni mwake ardhi iliyokanyagwa: ujia mwembamba wa shambani, au barabara pana ya lami. Njia ya namna hiyo hujitangaza yenyewe. Hata mgeni asiyejua lugha ya wenyeji aweza kuifuata, kwani nyayo za waliotangulia zi mbele yake. Lakini iko njia nyingine, msomaji, isiyoshika unyayo. Vyombo mia vyaweza kupita juu yake asubuhi, na ifikapo adhuhuri hapana hata alama moja iliyobaki. Njia hiyo ni ya maji. Nataka leo tuitazame mojawapo, iliyo katika nchi yetu, ambayo imetumika kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja. Kisha tujiulize: njia isiyo na alama hutunzwaje, na ni nani aitunzaye?

Fungua ramani ya Kenya, utazame pembe ya kaskazini ya pwani, karibu na mpaka wa Somalia. Utaona visiwa vilivyojikusanya kando ya bara kama vifaranga kando ya mama yao: Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayuu, pamoja na vingine vidogo. Upande wa nje wa visiwa hivyo ni bahari kuu, na wakati wa kusi mawimbi yake ni makali. Upande wa ndani, baina ya visiwa na bara, maji yametulia, nayo yamezungukwa na misitu ya mikoko. Chombo kitokacho mji wa Lamu kwenda Pate kwa njia ya ndani hupita nyuma ya Kisiwa cha Manda, katika mlango mwembamba uitwao Mkanda. Kisha hutokea katika Ghuba ya Manda, kikavuka mpaka Mtangawanda, ambako abiria wa Kisiwa cha Pate hushuka. Mkanda ni mshipi, na kwa kweli maji hayo ni membamba kama mshipi uliofungwa baina ya kisiwa na bara.

Miaka michache iliyopita nilisafiri katika njia hiyo pamoja na wanafunzi wa chuo cha ualimu. Tulifika gatini mapema, mizigo yetu imefungwa, nasi tukadhani tutaondoka mara moja. Nahodha alitutazama, akayatazama maji, akaketi. Saa nzima ikapita. Mmoja wa wanafunzi, kijana wa kutoka bara, akashindwa kuvumilia. “Nahodha,” akasema, “chombo ki tayari na watu tu tayari. Twangoja nini?” Mzee akamjibu kwa upole: “Mwanangu, twangoja njia. Njia haijafika bado.” Tulicheka, tukidhani ni mzaha. Lakini tulipoingia Mkanda baadaye, tukaona tope jeusi likichungulia pande zote mbili, na maji yakitosha kukipitisha chombo tu, tulifahamu kwamba mzee hakusema mzaha. Saa moja kabla ya hapo njia ile haikuwapo.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa usiku na mchana, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana; hayo huitwa maji mafu. Kwa hiyo mtu wa visiwani akiijua tarehe ya mwezi mwandamo, aijua pia saa ya maji. Hahitaji kitabu. Huhesabu kwa vidole vyake, naye hukuambia kama leo utaweza kuufikia mji wa Siyu kwa chombo kupitia mkono wa bahari ulio ndani ya mikoko, au kama itakubidi kushuka mbali na kwenda kwa miguu. Huo ndio ulinzi wa kwanza wa njia hii. Alama zake zimo katika vichwa vya watu.

Sasa turudi nyuma katika historia, tupate kuona ujuzi huo ulivyo mkongwe. Katika Kisiwa cha Pate, upande wa kusini, yako magofu ya mji wa Shanga. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba katika magofu hayo, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, kizazi baada ya kizazi. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti, nao ulikuwa wa karne ya 8. Huko Manda vilevile, wachimbaji walikuta vipande vya vyombo vya udongo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9. Mambo haya yatufundisha kwamba watu wa visiwa hivi hawakungoja kugunduliwa na mtu. Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, njia ya maji ya Lamu ilikuwa imekwisha tumika kwa miaka mia saba.

Vyombo vyenyewe vilikuwa kazi ya mikono ya wenyeji. Mashuhuri katika hivyo ni mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo kilichoshonwa hukubali kupindika kidogo kinapogusa fungu la mchanga, mahali ambapo chombo cha misumari hupasuka. Kwa hiyo kilifaa sana katika maji haya yenye mafungu. Mafundi wa mitepe walitoweka katika karne ya 20, na leo mtu atakaye kuuona mtepe hana budi kuutazama mfano wake katika nyumba ya makumbusho. Zingatia jambo hili, msomaji. Bahari ilikuwapo, na minazi ilikuwapo, lakini ujuzi wa kuvishona vyombo hivyo haukurithiwa, na mtepe ukapotea.

Njia hii iliwahi hata kuamua vita. Karibu na mwaka 1812 majeshi ya Pate, yakisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, yalishuka Shela ili kuushinda mji wa Lamu. Watu wa Lamu walipigana nao, wakawashinda. Katika masimulizi yasemwa kwamba askari waliokimbia walivikuta vyombo vyao vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa, hata wengi wakauawa hapo hapo pwani. Baada ya vita hivyo nguvu za Pate zilizidi kupungua. Shairi la Al-Inkishafi, lililotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, layakumbuka majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari, kisha yakawa makao ya popo na wadudu. Miji huinuka na kuanguka. Njia ya maji iliyokuwa ikiilisha miji hiyo haikuanguka pamoja nayo, kwani wavuvi, mabaharia na wakata miti waliendelea kupita kila siku.

Nimetaja wakata miti, na haifai kuwapita upesi. Kandokando ya njia hii ndiko kuliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mgeni huiona kuwa miti ya namna moja, lakini mwenyeji huitenga: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama matao, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, na mingineyo, kila mmoja na kazi yake na mahali pake katika tope. Hata magogo yakisha kukatwa huitwa kwa unene wake. Membamba ni fito na pau. Manene zaidi ni boriti na nguzo. Ingia katika nyumba ya kale ya Lamu, utazame dari. Utaona boriti zimepangwa sambamba, na utaona kwamba chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake haufiki mita 3. Sababu yake ni mti wenyewe. Mjenzi hakuweza kupanua chumba kupita nguvu ya boriti moja. Matumbawe ya kuta yalichimbwa Manda, chokaa ilichomwa papo hapo, na vyote vikaletwa kwa maji. Hivyo mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, umetokana na njia hii na mandhari yake. Huwezi kuutunza mji ukaiacha misitu, wala kuitunza misitu ukayaacha maji.

Boriti hizo hazikujenga Lamu peke yake. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti, yakaleta tende na mazulia, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti. Faida ilikuwa kubwa, na kama wasemavyo wahenga, bandu bandu huisha gogo. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza misitu ya mikoko kuwa mali ya serikali, na mkataji akawa mtu wa kuomba ruhusa. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti katika nchi za nje. Mwezi wa Februari 2018 ukataji wa miti ulisimamishwa katika misitu ya umma kote nchini, na wavunaji wa mikoko wa Lamu wakajikuta hawana kazi, mpaka walipokubaliwa tena baadaye.

Labda utauliza: je, sheria hizo hazikuwa njema? Sisemi kwamba zilikuwa mbaya. Msitu usio na mwiko huisha. Mizizi ya mikoko hulishika tope lisimomonyoke, huvunja nguvu za mawimbi, na ndani yake kamba na samaki wengi hulelewa wakiwa wadogo. Ukiukata mkoko wote wa ukingoni, tope hukosa wa kulizuia, na aumiaye kwanza ni mvuvi aishiye karibu nao. Lakini sheria iliyotungwa mbali ina upungufu mmoja: haipo usiku. Afisa hawezi kusimama katika kila mkono wa bahari. Awezaye kuwapo ni yule ambaye kila siku hupita hapo kutafuta riziki, na huyo huulinda msitu kwa moyo ikiwa tu ajua kwamba ana fungu lake ndani yake.

Nchi yetu imelitambua jambo hilo polepole. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyoshika nafasi yake, zimewaruhusu wanavijiji kuunda vyama vya kushiriki katika kuitunza misitu iliyo karibu nao. Kanuni za mwaka 2007 nazo ziliwawezesha wavuvi kuunda vikundi vya kusimamia fuo zao. Katika Kisiwa cha Pate wanawake wamejikusanya, wakapanda mikoko mahali ilipokatwa. Kazi hiyo si rahisi kama idhaniwavyo. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama kijiti cha kijani, kisha huanguka. Na mtu asiyejua huidhania kuwa yaweza kuchomekwa popote. Ukiichomeka mahali pasipo pake, penye mchanga au penye mawimbi, hufa. Lazima mpandaji ajue maji hufika wapi wakati wa bamvua na wapi wakati wa maji mafu. Waona, basi, ujuzi ule ule wa nahodha wetu umerudi tena, na safari hii umo mikononi mwa mama apandaye miti.

Katika kisiwa hicho hicho wavuvi wa pweza wamejaribu jambo jingine. Hukubaliana kuufunga mwamba fulani kwa miezi kadhaa, mtu yeyote asivue hapo, kisha huufungua siku moja kwa wote. Pweza hukua upesi, na mwamba uliopumzishwa hutoa pweza wakubwa. Hapa jambo gumu ni kushika ahadi: kupita juu ya mwamba uliofungwa, nyumbani mna njaa, nawe ukajizuia kwa sababu umetoa neno lako mbele ya wenzako.

Uko pia ulinzi usioandikwa katika sheria yoyote. Ng'ambo ya maji, katika Kisiwa cha Manda, yamo magofu ya mji wa Takwa, uliohamwa yapata karne tatu zilizopita. Watu wake walivuka wakakaa Shela. Hufikiwa kwa mkono mwembamba wa bahari, katikati ya mikoko, maji yakijaa. Mpaka miaka yetu hii watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kuvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la mnara lililoko huko. Na huko Shela kwenyewe viko vilima vya mchanga ambavyo mgeni huona ni mahali pazuri pa kujenga nyumba yenye kutazama bahari. Chini ya mchanga huo ndimo yalimo maji matamu yanywewayo na mji wa Lamu. Mvua huzama mchangani, ikahifadhiwa humo. Ukivijenga vilima hivyo, umeliharibu ghala la maji la watu wote. Kwa hiyo wenyeji wameshindana mara nyingi na watu watakao kuvigawa viwanja.

Nimefika sasa katika jambo lililo zito kuliko yote. Mwezi wa Machi 2012 ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa katika Ghuba ya Manda, ili itumiwe na Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Gati yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ili meli kubwa zipite, bahari ilichimbwa, na mahali palipovuliwa na mababu pakafungwa au pakatibuka. Walioitaka bandari walikuwa na hoja: nchi yahitaji biashara, na vijana wahitaji kazi. Haifai kuwadharau, kwani Lamu yenyewe ilizaliwa na biashara ya bahari. Lakini wavuvi nao walikuwa na hoja: mbona hatukuulizwa?

Wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwamo haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao. Ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi zipatazo bilioni 1.76. Ubishi juu ya malipo hayo uliendelea kwa miaka baadaye. Mwaka 2019 baraza la kuamua mashauri ya mazingira liliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa karibu na bandari hiyo, kwa sababu ile ile ya watu kutoshirikishwa vya kutosha.

Tafakari maana ya hukumu ile ya 2018, msomaji. Mvuvi hana hati ya bahari. Hakupima mipaka yake, wala hakuisajili. Haki yake yatoka katika kuitumia na kuijua, yeye na baba yake na babu yake. Mahakama ilikubali kwamba maisha ya namna hiyo ni kitu chenye thamani mbele ya sheria. Lakini yafaa tuseme kweli yote: fedha haziwezi kulirudisha fungu lililochimbwa. Fidia humsaidia mtu aliyepoteza. Haimfundishi mwanawe kusoma maji. Ikiwa watoto wa wavuvi wataiacha bahari kwa kuwa haina tena samaki wa kutosha, na wasiwaulize wazee wao lolote, basi Mkanda waweza kubaki na maji yake tele, na huku njia iliyokuwamo ikafa kama ulivyokufa mtepe.

Huenda wewe usomaye hujaiona bahari. Huenda kwenu ni kando ya Tana au Nzoia, au chini ya mlima ambao mito yake hukauka wakati wa kiangazi. Haidhuru. Kila maji yaliyotumiwa na watu kwa muda mrefu yana njia ndani yake: kivuko kinachojulikana na wachache, chemchemi yenye mwiko, mti usiokatwa kwa sababu kivuli chake huyahifadhi maji. Utakaporudi nyumbani wakati wa likizo, mwendee babu au nyanya yako, umwamkie, kisha umwulize: maji haya yalikuwaje ulipokuwa kijana? Ni nani aliyeyatunza, na kwa desturi gani? Andika atakayokuambia, pamoja na jina la kila mahali atakapopataja. Usikawie, kwani wazee hawangoji likizo ijayo.

Wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za njia ya Lamu ni mikoko iliyosimama, mchanga usiojengwa, ahadi zinazoshikwa, na watu waijuao saa ya maji. Tulipokuwa tukirudi kutoka Pate, yule kijana wa bara aliketi karibu na nahodha, shetrini. Alikuwa na daftari, naye aliuliza: mti huu waitwaje, na fungu lile, na ule mkono wa bahari uendao kushoto? Mzee alimjibu kila swali. Tulipokaribia Lamu, nahodha alimpa usukani kwa muda mfupi, mkono wake mwenyewe ukiwa karibu, tayari kusaidia.